Vibuyu vya Mrisho

Newala mwanamume hachoti maji. Anaweza kufyeka pori, kujenga nyumba, kuchimba kaburi, hata kulia hadharani akifiwa na mama yake, na hakuna atakayemcheka. Lakini mtungi ni wa mwanamke, na njia inayoteremka gengeni, kwenye mporomoko wa mlima, kwenda chemchemini ni ya wanawake, tangu wazee wa huko walipoamua, kwa sababu wanazozijua wenyewe, kujenga juu pasipo na tone la maji na kuliacha bonde lenye maji liwe la nyani. Kwa hiyo Mrisho alipokamatwa asubuhi ile vibuyu vya maji vikimning'inia kiunoni, hata waliompenda walishika vinywa vyao.

Ulikuwa mwaka wa vita. Masasi misheni ilikuwa imeshachomwa. Watu wa Nanganga walikuwa wamekunywa dawa ya maji na kwenda kufa mbele ya bunduki, na Mjerumani alikuwa amepandisha askari wake Newala kusaka mahongo, ndivyo walivyoitwa wale waliotembeza dawa ile kijiji kwa kijiji, wakiibeba ndani ya vibuyu. Wengi wa Newala walikuwa hawajainywa. Hilo halikuwasaidia sana. Askari aliyetumwa kutafuta harudi mikono mitupu.

Mwanasha, mke wa Mrisho, alikuwa ameshika mwimo wa mlango akimngoja. Hakuushika kwa kupenda. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa amegeuka mtu wa kushikashika: mwimo, kiambaza, fito za ua, bega la mumewe. Akiamka tu na kugeuza kichwa, nyumba yote ilipinda upande wa kushoto ikaanza kuzunguka, sikio likavuma, na kama hakuwahi kukaa na kukaza macho mahali pamoja, alitapika. Siku nyingine kizunguzungu kilimwacha kabisa hata akadhani amepona. Kisha angeinama kuokota mwiko, na dunia ingemponyoka tena. Majirani walimwona akiyumba uani wakasema Mama Zena siku hizi anaanza pombe mapema, na yeye pombe hakuwahi hata kuionja.

Alisikia makelele kabla hajaona kitu. Mrisho alitokea kwenye kona ya ua, kamba shingoni, uso umevimba upande mmoja, vibuyu bado vimemning'inia. Nyuma yake walikuja askari wawili na ombasha aliyewaongoza, Halfani, mtu wa bara mwenye shingo nene, aliyeletwa kutoka mbali na asiyejua wala kutaka kujua mwanamke wa Newala anapata wapi maji ya kupikia.

"Nyumba yako hii?" ombasha aliuliza.

"Ndiyo, bwana. Na huyu mke wangu. Muulizeni yeye. Maji ni yake."

Ombasha alikata kamba ya kibuyu kimoja, akamimina kidogo kiganjani. Maji yalitoka na vijani vibichi. Akavitazama, akavinusa, akawaonyesha wenzake.

"Na hivi?"

"Vya kuzuia maji yasiruke, bwana. Njia ni ya kupanda. Ukitia majani, maji hutulia, hayamwagiki. Wote wanafanya hivyo."

"Wote wanawake," ombasha alisema. "Wewe mwanamume. Peke yako, alfajiri, shuka umejifunika. Maji ndani ya kibuyu, majani ndani ya maji. Unaniona mimi mtoto?"

Akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Mrisho alikwenda chini, akatema damu na jino. Mwanasha alipiga ukelele, akauachia mwimo na kukimbilia mumewe. Hakufika. Ua ulimwinamia, miguu ikaenda upande wake na kichwa upande wake, naye akaanguka kifudifudi miguuni pa askari mmoja, ambaye alimsukuma kwa kiatu kama anayesukuma gogo.

"Mke mlevi, mume mganga," askari alisema. "Nyumba ya watu hasa."

Wakatupa nje vilivyokuwamo ndani: kitanda, ungo, kinu, mtungi mkubwa wa akiba. Mtungi ulikuwa mkavu, wakauvunja. Kisha mmoja akachukua kijinga cha jikoni akakipachika kwenye makuti. Mrisho aliutazama moto, akavitazama vibuyu vya kiunoni mwake. Hayo ndiyo maji yote waliyokuwa nayo, na mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma. Zena, binti yao mdogo, alikuwa amelala kwa mama yake mkubwa, Stamili, na hilo ndilo jambo jema pekee la asubuhi ile.

*

Chanzo cha balaa lote kilikuwa kiganja cha Akida Mahmudu. Mwaka uliotangulia, katika shamba la pamba la serikali, Mwanasha alinyoosha mgongo bila kuamriwa, na akida, aliyekuwa akipita na mwavuli wake, akamzaba kofi la sikio la kushoto. Akida hakugeuka hata kuangalia. Sikio lilitoka damu, likapona, lakini kilichokuwa kimetulia ndani yake hakikutulia tena.

Siku za mwanzo aliendelea kwenda maji na wenzake. Njia ya gengeni ni nyembamba, wanawake huteremka na kupanda wakifuatana, na kwenye kona mbaya kuna mzizi umetokeza mwambani ambao kila mmoja huushika kabla ya kuvuka. Siku moja Mwanasha aliukosa mzizi. Mtungi wake ulimwangukia aliyekuwa mbele, naye akamgonga wa mbele yake, na nusura watatu wateremke bondeni bila kukanyaga njia. Walipofika juu, Stamili, dada yake wa tumbo moja, ndiye aliyesema mbele ya wote.

"Mdogo wangu, nakupenda, Mungu ndiye shahidi. Lakini mimi sifi kwa ajili ya kizunguzungu chako. Njia hii usiikanyage tena sisi tukiwamo."

Tangu hapo Stamili alimletea maji. Kwanza mtungi, baadaye nusu mtungi, na kiangazi kilipokaza na chemchemi kuwa ya kugombaniwa, kibuyu kimoja na mguno. Maji machache Mwanasha aliyavumilia. Mguno ulimshinda. Akinywa, aliusikia. Akimwosha Zena, aliusikia.

Mrisho aliusikia pia. Yeye alikuwa mkwe wa kuja, mtu wa Nanganga aliyeoa na kuhamia kwa wakweze kama ilivyo desturi ya huko, na mkwe wa kuja hana kauli juu ya dada wa mkewe. Alfajiri moja alijifunga vibuyu kiunoni akajifunika shuka pana. Vibuyu, si mtungi, kwa kuwa mtungi ungeonekana.

"Baba Zena, watakucheka," Mwanasha alimwambia.

"Wakiniona."

"Na wakikuona?"

"Basi nitasema nimeota matiti."

Walicheka wote wawili gizani, yeye ameshika kiambaza. Kiangazi chote Mrisho aliteremka na kupanda kabla wanawake hawajaamka, na hakuna aliyejua. Walikuwa wameificha aibu yao vizuri mno.

*

Barazani kwa akida watu walikusanywa kwa viboko. Mzungu, ofisa kijana mwenye pua iliyobambuka kwa jua, aliketi kwenye kiti cha kukunja. Kiswahili alikijua, lakini kile cha kuamrisha tu. Tafadhali na samahani hakuna aliyemfundisha. Kando yake alisimama Akida Mahmudu kwa kanzu nyeupe, akijifuta jasho. Alikuwa na sababu ya kutoka jasho. Wiki ile Mzungu alimwambia kuwa akida asiyeleta hongo hata mmoja, bila shaka ndiye anayewaficha.

"Huyu anatoka Nanganga, Bwana Mkubwa," akida alisema. "Kwao walikunywa dawa. Na vibuyu hivi hapa."

"Mimi nachota maji ya mke wangu," Mrisho alisema. Maneno yalitoka yamelegea kwa sababu ya mdomo uliopasuka. "Mke wangu hawezi kwenda gengeni. Anaanguka."

"Kwa nini anaanguka?" Mzungu aliuliza.

Mwanasha alikuwa ameketi chini ili asiyumbe. Aliinuka polepole, miguu ameitanua, macho ameyakaza kwenye kifungo kimoja cha koti la Mzungu.

"Nilipigwa sikioni, bwana. Tangu siku hiyo dunia inanizunguka."

"Nani alikupiga?"

Watu wote walitazama chini. Mwanasha aliona hatari ya jibu lake, akalitoa hata hivyo.

"Akida, huyu hapa."

Akida Mahmudu alitabasamu, ingawa tabasamu lenyewe lilichelewa kidogo.

"Bwana Mkubwa, mimi nimewapiga wengi. Wote wanatembea."

Mzungu alicheka. Askari walipomwona anacheka nao wakacheka. Mwanasha alisimama katikati ya kicheko kile akihisi haya kuliko alivyohisi siku ya kofi, maana siku ile aliumizwa tu, na leo alikuwa anaumizwa na kuambiwa ni mwongo.

"Waulizeni wanawake wenzangu," alisema. "Waulizeni kama nateka maji. Waulizeni habari ya majani."

Akida aliwageukia wanawake. "Nyinyi. Mnatia majani katika maji ya kunywa?"

Hakuna aliyejibu. Jana yake mzee mmoja alisimama kumtetea mpwa wake, wakalazwa wote wawili na kila mmoja kupigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na damu yao ilikuwa bado inaonekana kwenye mchanga wa baraza lile lile. Akida akamnyooshea fimbo Stamili, aliyekuwa amembeba Zena mgongoni.

"Wewe ni dada yake. Sema."

Stamili alifungua mdomo. Zena alikuwa anavuta ushanga wa shingoni mwake akicheka peke yake. Ombasha alikuwa karibu sana, kiboko kikiwa mkononi.

"Sijui, bwana," Stamili alisema. "Kila mtu na maji yake."

Mwanasha hakumlaani. Hakupata nafasi. Mzungu alikuwa ameshachoka na maneno, akaagiza mtungi wa jikoni kwa askari uletwe umejaa.

"Mwanamke abebe," alisema. "Mpaka mti ule, arudi. Akianguka, mume huru. Asipoanguka, mume hongo. Basi."

Wakamtwika. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa namna ambayo Mwanasha mwenyewe hangeamini kama angesimuliwa. Mwaka mzima alikuwa akiomba asianguke: sokoni asianguke, msibani asianguke, akiwa na mtoto mkononi asianguke. Sasa aliomba aanguke, na ardhi ikatulia tuli. Mtungi wenyewe ulimkandamiza shingo, ukakinyoosha kichwa, na kichwa chake kikinyooka bila kugeukageuka kizunguzungu hakikupata pa kuingilia. Uwanja ulikuwa bapa kama sakafu. Alikwenda hatua kwa hatua, sawasawa, mrembo hata, kama bibi harusi. Mwanamke mmoja alinong'ona, "Kumbe." Neno hilo moja lilimchoma kuliko yote.

Alipopita karibu na Mrisho aliyefungwa kwenye nguzo, alimwona amefumba macho.

"Anguka, Mama Zena," alimnong'oneza. "Anguka, mke wangu."

"Hakiji," alimjibu huku machozi yakimtoka. "Leo hakiji!"

Alifika mtini, akageuka. Akarusha kichwa upande wa kushoto kwa nguvu zote, jinsi alivyokatazwa na mwili wake mwenyewe kukirusha, ili akiite. Mtungi uliruka ukavunjika. Naye akajitupa chini baada yake, mikono mbele.

Ombasha alikuja akasimama juu yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mchezo.

"Kautupa," alimwambia Mzungu. "Mtu wa kuanguka hakingi mikono. Huyu kajilaza."

Alimpiga kiboko pale pale chini. Cha kwanza kilipasua kaniki, vilivyofuata vikapasua ngozi. Mwanasha aliuma mchanga. Mrisho alivuta kamba za nguzo mpaka vifundo vya mikono vikachubuka, akitukana kwa lugha ya kwao matusi ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya mkewe, mpaka askari akamziba kwa ngumi ya tumbo.

Kiboko kiliposimama Mwanasha alijiinua kwa magoti. Damu ilimteremka mgongoni mpaka kiunoni. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo lilikuwa wazi kabisa.

"Bwana, hapa ni uwanjani. Hapa hata mlevi hatembei vibaya. Mimi naanguka gengeni. Nipelekeni gengeni."

"Atatoroka," akida alisema haraka.

"Atatorokea wapi?" Mzungu alisema, akainuka. Alikuwa mtu wa kupenda kuona mambo. "Twende."

*

Kutoka barazani hadi ukingoni si mbali. Mrisho aliburutwa naye, na watu wote wakaswagwa nyuma. Juu ya njia pana mninga ambao wanawake wakipanda hutua mitungi chini yake wavute pumzi. Chini ya hapo ardhi inakatika, na mtu anaona bonde lote, misitu, hata kijivu cha mto Ruvuma kule mbali, kama jicho lake linastahimili kutazama. Jicho la Mwanasha halikustahimili.

Walimtwika mtungi mwingine. Aliweka mguu njiani. Jua lilikuwa utosini, mgongo unawaka, na hatua ya kwanza tu ya mteremko ilimlazimu kutazama chini. Sikio likaanza kuvuma. Bonde likapanda, likashuka, likapanda tena. Macho yake yakaanza kuchezacheza yenyewe ndani ya tundu zake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, jambo ambalo hakuna mtu anayeweza kulifanya kwa kujifanya. Waliosimama ukingoni waliliona. Mzungu aliinama mbele.

Kimekuja, Mwanasha aliwaza, na alifurahi. Alifurahi kweli. Hakuwahi kukipokea kizunguzungu kwa furaha kabla ya hapo. Mkono wake, kwa mazoea, uliukamata ule mzizi wa kwenye kona mbaya, hatua chache tu chini ya ukingo. Kokoto zilimporomoka chini ya kisigino na hazikusikika zikifika. Alijua akiushika mzizi watasema amesimama. Kwa hiyo akaanza kuuachia, kidole kimoja baada ya kingine.

Hakuna aliyeuona mkono ule ila mtu mmoja. Mrisho alikuwa ameishi mwaka mzima akiutazama mkono huo: unavyotafuta mwimo, unavyotafuta kiambaza, unavyotafuta bega lake gizani. Alijua ukishika na alijua ukiteleza, na alijua vilevile kwamba sasa hauelekei kuteleza. Unaachia.

"Mimi hongo!" Mrisho alipiga kelele. "Mshikeni! Mimi hongo! Maji yale dawa, nimeyatoa Nanganga, majani dawa, kila kitu dawa! Mtoeni mke wangu pale!"

Mzungu alimpa ishara ombasha. Halfani aliteremka upesi, akamkamata Mwanasha kwa kaniki iliyochanika, akamvuta na kumtupa juu ukingoni. Mtungi ulikwenda peke yake bondeni. Mwanasha alianguka chini ya mninga bila kukinga mikono, shavu likapiga mzizi, akatapika. Alitaka kusema, si kweli, anadanganya, mimi ndiye. Kila alipofungua mdomo yalitoka matapishi badala ya maneno. Mti ulimzunguka, miguu ya askari ikamzunguka, uso wa mumewe ukapita, ukapita tena, kila mara umeinuliwa juu kidogo.

"Bwana Mkubwa," sauti ya mwanamke ilisema. Ilikuwa ya Stamili, imekatikakatika. "Anaumwa kweli. Mtazame macho. Na majani tunatia sote, bwana. Sote tunatia."

"Naona," Mzungu alisema. "Lakini amekiri."

Mwanasha alikaza macho kwenye kitu kimoja, kama alivyojizoeza. Alichagua unyayo wa Mrisho wenye udongo mwekundu wa njia ya chemchemini. Aliushikilia kwa macho mpaka dunia ikapunguza mwendo, ikasita, ikasimama. Kila kitu kilisimama mahali pake. Unyayo peke yake ndio uliokuwa ukiendelea kuzunguka, polepole, hewani.

*

Askari waliondoka jua likiwa bado juu, wakishika njia ya Masasi, na ombasha alikuwa akipiga mluzi. Amri ilikuwa maiti ining'inie. Akida Mahmudu alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango, na watu walipomwona hajatoka kuzuia, mzee Hamidu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alipanda mwenyewe mtini na kisu akamshusha Mrisho. Alimlaza chini, akamfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa.

"Mwanangu," alimwambia Mwanasha, "sanda tutapata. Nina kipande cha marekani. Ila maji hakuna. Askari wamekunywa mitungi yote na waliyobakiza wamemwaga. Sheria inaruhusu. Tutamtayamamisha kwa mchanga safi, tumzike kabla ya magharibi."

"Hapana."

"Si dhambi, mwanangu."

"Najua si dhambi, mwalimu. Mume wangu hafutwi kwa vumbi. Alikufa akinichotea maji, ataoshwa kwa maji."

Vibuyu vilikuwa vimetupwa pembeni ya mninga, vitupu, vikiwa bado na kamba zake. Ushahidi ulikuwa hauhitajiki tena. Mwanasha alivifunga kiunoni mwake juu ya majeraha, akatambaa mpaka ukingoni. Hakusimama. Aliketi juu ya njia, mbele za watu wote, akaanza kuteremka kwa makalio kama mtoto anayejifunza ngazi. Aliona aibu, ndiyo, ila ilikuwa ndogo sana sasa, na aliipita. Nyuma yake hakuna aliyesema pombe.

Hakufika mbali kabla ya kusikia nyayo. Stamili alikuwa amemwacha Zena kwa jirani, amejifunga nguo kifuani. Alimpita mdogo wake pembeni, kwa shida, kwenye njia ile isiyopitisha watu wawili, akaenda kuketi mbele yake, hatua moja chini.

"Shika nguo yangu," alisema bila kugeuka.

"Dada, ondoka mbele. Nikianguka nitakwenda na wewe."

"Ukianguka, niangukie."

"Ulisema hufi kwa ajili yangu."

"Nilisema." Stamili alijifuta pua kwa kiganja. "Nimesema mengi. Na lile la kusema leo nikalichelewesha. Shika nguo, Mwanasha. Jua linakwenda."

Mwanasha alishika. Kwenye kona mbaya Stamili aliupiga mzizi kofi mara mbili ili mdogo wake ajue ulipo bila kutazama chini, na Mwanasha akaushika, na safari hii hakuuachia mpaka alipovuka. Chini chemchemini maji yalikuwa machache na ya matope. Waliyangoja yatulie. Wakajaza vibuyu kwa kifuu, wakatia majani, wakapanda kwa magoti na mikono.

Walimwosha Mrisho chini ya mninga, ua wa nguo ukiwa umeshikwa pande zote. Mzee Hamidu alijua shemeji hamwoshi shemeji, lakini siku hiyo hakuwazuia. Mwanasha aliketi, kichwa akikishikilia kisiiname ghafla, akamwagia huku Stamili akisugua. Waliosha mdomo uliopasuka, wakaosha shingo ambako kamba ilikata, wakaosha nyayo zenye udongo mwekundu. Kwenye kibuyu cha mwisho maji yalitoka pamoja na jani moja, likanata kifuani mwake. Stamili alinyoosha mkono kuliondoa.

"Liache," Mwanasha alisema.

Wakaliacha. Mzee Hamidu aliliona alipokuja kufunga sanda, akatazama pembeni, akafunga.